Damu Tamu ya Mwende

Juzi, kwenye lango la mbuga ya Tsavo, niliona vitambaa vya buluu vimening'inizwa mitini. Askari wa lango aliniambia ni mitego ya mbung'o. "Hao wadudu wanapenda buluu sana," alisema.

Nikakumbuka alasiri ile ya utoto wetu, lori la kanisa liliporudi kwetu Emali kutoka mbugani. Dada yangu Mwende alishuka akinuka vumbi na dizeli, amevaa sweta mpya ya buluu aliyonunuliwa kwa safari hiyo. Mimi nilikuwa nimeachwa nyumbani kuchunga mbuzi. Shingo na mikono yake ilikuwa imevimba kwa kuumwa na mbung'o, kuliko wenzake wote.

"Ni damu yake tamu," Mama alisema. Alimpakata, akampaka mafuta, akapuliza kila uvimbe polepole, fuu, fuu. Mwende alinitazama kwa jicho moja.

Roho iliniuma. Kumbe hata mbung'o walimpenda yeye! Nilienda nyuma ya zizi, nikatonesha kidonda cha mwiba kiganjani, nikalamba damu yangu. Ilikuwa na ladha ya chumvi. Tangu siku hiyo niliamini kwamba chumvi hiyo ndiyo iliyonikosesha kila kitu.

Basi juzi pale langoni nilimpigia Mwende simu papo hapo. "Haikuwa damu yako! Ilikuwa ile sweta!"

Alicheka mpaka akakohoa. "Haya, ilikuwa sweta," akasema. "Na aliyepulizwa na Mama ni nani?"