Kilio cha Mama Kwenye Avenyu ya Juu

Mdogo wangu aliponunua nyumba kwenye avenyu yenye komite, nilimcheka. Ni komite ya wenye nyumba wenyewe, na ukinunua pale unapewa ufunguo pamoja na masharti: mbuzi marufuku, ukuta haupandishwi bila ruhusa, na kila Jumamosi asubuhi kila nyumba itoe mtu na jembe kwa kazi ya pamoja ya salongo, wazibue mfereji. Hata kuanika ndagala, dagaa wetu wa ziwani, uani hawaruhusu, eti harufu. Uvira hii, nyumba isiyoanika ndagala! Nilimwambia amenunua jela yenye vioo.

Mimi nilinunua avenyu ya chini, ambako kila mtu ni rais wa ua wake. Mama alianza kwa kuishi na mdogo wangu, lakini baada ya wiki moja akanijia na mizigo yake. Sikuuliza sababu. Nilijua anamfuata mtoto wake mkubwa. Kila asubuhi tulitandaza ndagala juu ya wavu, yeye akiwafukuza kuku kwa fimbo, mimi nikigombana na jirani anayejaza takataka mferejini.

Mfereji huo haukuzibuliwa na yeyote. Mvua ikinyesha, kule juu maji yalipita safi, yakaja kutulia kwangu. Hapo ndipo wivu ulipoanza. Ndiyo, nilimwonea ndugu yangu wa damu wivu kwa sababu ya mtaro.

Mama alifariki katikati ya masika. Kwetu kilio hukaa kwa mtoto mkubwa, na asubuhi ile maji uani kwangu yalifika magotini. Nilikuwa napanga matofali ili watu wapite, mdogo wangu, anayeniita yaya, dada mkubwa, akaja amepandisha kitenge.

"Yaya, kilio iende kwangu. Hapa bantu batakaa wapi?"

"Minye ndiye mukubwa. Mama alikuwa anaikala hapa."

"Najua, yaya. Lakini maji iko mingi."

Nikamfuata. Kwake bashi, turubai la kivuli, ilikuwa imeshafungwa. Ni sharti lao pia: penye msiba, kila nyumba inaleta viti na kuni bila kuombwa. Nilikaa kwenye kiti chao, mgeni katika kilio cha mama yangu. Wajomba waliotoka Luberizi walimpa pole yeye kwanza, maana ndiye mwenye nyumba. Nasema kweli, siku ile wivu ulinikaba kuliko machozi.

Baada ya mazishi tulikuwa tunaosha masufuria, sisi wawili tu. Nikashindwa kujizuia.

"Komite yako imeninyang'anya mama."

Akaliacha sufuria.

"Weye ndiye unasema hivyo? Mama alianika ndagala zake hapa, komite wakakuja kumwambia azitoe. Niliogopa, yaya. Sikusema kitu. Akafunga mizigo, akakuja kwako. Tangu siku ile minye niko na wivu yako. Kila asubuhi nikienda soko nilikuwa nawaona ku wavu, munacheka."

Alikuwa analia. Dada mwema angemshika mkono. Mimi nilimuuliza, "Alisema nini wakati anatoka?"

Alichezea maji ya sabuni kwa vidole.

"Alisema anaenda nyumbani."

Nikainamia sufuria langu, nikajifunika uso kwa kitenge. Alidhani nalia, akanipapasa mgongo. Nilikuwa natabasamu.