Nafasi ya Nira

Hapana, hawakuzaliwa tumbo moja. Wala si mapacha. Kila anayeingia hapa nyumbani na kuwaona maksai hawa wawili huuliza hilohilo, ndiyo maana nimejibu mapema, ili mle viazi kabla havijapoa. Yule mwekundu ni wangu. Yule wa madoa ni wa mke mwenzangu, huyo anayepuliza moto hapo jikoni na kujifanya hasikii. Mmoja alizaliwa hapahapa Nyanungu. Mwingine, mume wetu alimtoa upande wa Mugumu, akaja naye kwa miguu, ng'ombe akiwa bado kijana. Hawana hata shangazi mmoja wa pamoja.

Lakini tazameni wanavyolala. Mwekundu kushoto, wa madoa kulia, na katikati pengo. Hiyo ni nafasi ya nira. Nira yenyewe imetundikwa ukutani, mnaiona, lakini wao hata wakilala wanaiachia nafasi yake. Jioni ukungu ukishuka kutoka kilimani, mimi naona kama kuna kitu cha tatu kimelala pale kati yao. Hakina pembe, hakina mkia, kinapumua tu.

Mume wetu ndiye aliyewafundisha. Mzee yule alikuwa na ugoro mdomoni toka asubuhi, kwa hiyo maneno yake yalitoka yamelowa. "Taratiiibu, mura, kijana wangu. Taratiiibu. Shamba halina miguu." Hivyo tu, asubuhi nzima. Hata mimi aliponioa nadhani alisema hivyohivyo. Alimweka mwekundu kushoto, akanyage ardhi ngumu ambayo haijalimwa. Wa madoa akamweka kulia, atembee ndani ya mfereji uliochimbwa na plau. Toka siku hiyo kila mmoja akajua upande wake, kama mtu anavyojua upande wake wa kitanda.

Mzee alipenda kutuambia habari za porini, maana ujana wake alichunga mpaka kule karibu na hifadhi. Alisema punda milia wanatangulia, wanakula majani marefu. Nyumbu wanafuata, wanakula yale mafupi yaliyobaki chini. Mke mwenzangu akamuuliza kwa kile kisauti chake, kama mlango unaotaka mafuta: "Sasa mzee, nani anakula zaidi?" Mzee akatema ugoro. "Hilo swali lako, mke wangu, huko porini hakuna anayeliuliza." Nikacheka mpaka nikamwaga uji. Sikujua kwamba swali lile litarudi na kutukalia mimi na yeye.

Mzee alipoondoka duniani, wazee wa ukoo wakaja kugawa. Kwetu kila mke ana nyumba yake, na kila nyumba ina ng'ombe wake. Wakakaa, wakakohoa, wakakuna ndevu. "Nyumba kubwa, maksai mmoja. Nyumba ndogo, maksai mmoja. Kuna neno?" Hakuna neno. Wakanywa, wakaenda zao. Waliwauliza watu wote isipokuwa ng'ombe.

Kwa muda hakuna kilichobadilika. Mvua za kwanza zikinyesha tunaamka, ukungu bado umekaa mashambani kama maziwa yaliyomwagika. Mimi natangulia mbele na kamba, kazi ya mzee ya zamani. Mke mwenzangu anashika plau, maana yeye bado ana mikono yenye nguvu. Leo shamba langu, kesho lake, kati ya lake na langu ni ua wa minyaa tu. Nyie, kulima asubuhi ile ni kama kuota huku unatembea. Hakuna anayesema. Unasikia mnyororo, unasikia udongo unageuka, unasikia pumzi za ng'ombe, na mvuke wao unakupita mgongoni ukiwa na joto. Ukifumba macho unaweza kuapa kwamba mzee yuko pale nyuma. Mimi nilikuwa nafumba. Nilijikwaa sana.

Na nilikuwa nikiwatazama. Mwekundu ana nguvu ya kuanza. Udongo ukiwa mgumu, yeye ndiye anayeinamisha kichwa kwanza. Wa madoa hana nguvu ile, lakini ana akili ya mstari. Yeye hatoki mferejini hata umwonyeshe mahindi mabichi. Mmoja akichoka mwingine anapunguza mwendo, hata hujui ni nani aliyechoka. Mwishoni mwa shamba, pa kugeuka, wa ndani anasimama karibu kama mti, wa nje anamzunguka, halafu wote wanaanza tena. Hakuna aliyewaambia. Mimi na mke mwenzangu mpaka leo pale pa kugeuka tunakanyagana.

Basi siku moja tumekaa kwenye kivuli cha ua, tunakula mihogo. Nikasema tu, kwa utani, mnanijua: "Huyu wangu leo amekokota mpaka huruma. Wako anatembea tu kwenye barabara iliyokwishachimbwa, kama bwana shamba."

Mke mwenzangu akaacha kutafuna. "Dada, kumbe?"

"Si unaona jasho lake? Wako mkavu."

"Wako bila wangu," akasema, na mlango ukazidi kulia, "angelima mstari mmoja toka hapa mpaka Kenya! Angefika Sirari hajageuka! Huyo wako ana shingo tu, kichwa amekopeshwa na wangu!"

"Kichwa hakikokoti plau, mdogo wangu."

"Sawa! Basi abaki na shingo yake. Mimi nauza. Nitaita trekta."

Nikadhani ni hasira za mihogo. Lakini jioni alimfungua wa madoa akampeleka nyuma ya nyumba yake, akamfunga peke yake. Na kesho yake nikasikia amemwita mnunuzi Mkenya wa ng'ambo ya mpaka wa Sirari, anayetafuta maksai wa kulima. Mvua haisubiri mtu. Shamba langu lilikuwa halijafika hata nusu, na lake vivyo hivyo. Wa madoa akivuka mpaka, harudi, na mwekundu wangu hana tena wa kufungwa naye. Tungekuwa bibi wawili, kila mmoja na jembe lake la mkono, na ua katikati.

Mngeniambia nenda ukamwombe. Eti nani? Mimi mke mkubwa? Nikaenda kwa shemeji badala yake, mdogo wa mzee, mwenye ng'ombe mweupe mkubwa kama kanisa. Shemeji huyo anaongea kama anahutubia mkutano. "Shemeji! Huyu mweupe hana mchezo! Huyu anararua ardhi! Atakulimia mpaka useme basi!" Nikasema haya, twende.

Jambo moja shemeji hakulisema, maana hakuwahi kulifikiri: mweupe naye alikuwa wa kushoto.

Tukawafunga. Mwekundu kushoto kwake, mweupe tukamshusha mferejini. Hatua kidogo tu, mweupe akapanda juu, anatafuta upande wake. Akamsukuma mwekundu. Mwekundu akasogea kushoto, mweupe akamfuata kushoto, na plau ikaenda kushoto, na shemeji akaenda kushoto anapiga kelele, "Kulia! Kulia! Nasema kulia!" Tulilima duara. Mpaka leo pale katikati ya shamba langu mahindi yamesimama kama watu wanaocheza ngoma. Wawili wenye nguvu, kila mmoja anajua kazi, na kazi ni ileile. Mwisho mwekundu akasimama. Shemeji akapiga fimbo, wapi. Tulipomfungua, akatembea polepole mpaka kwenye ua akalala pale, kushoto, ametuachia nafasi ile pembeni yake.

Shemeji akaondoka na mweupe wake bila hotuba. Mimi nikajinyoosha kwenye majani, jua limenipiga, nikasinzia.

Nikamwona mzee. Amekuja na nira begani, ananyonya ugoro wake. Hakusalimia. Akaniweka kushoto, akamweka mke mwenzangu kulia, akatufunga. Nami sikushangaa, wala shingo haikuuma. Shamba lilikuwa refu halina mwisho, linashuka kutoka Nyanungu, linapita vilima, linaingia kwenye majani ya Serengeti, na huko mbele punda milia walikuwa wanatupisha. Nikaanza mimi, nikainamisha kichwa. Nilipotaka kupinda, nikahisi bega lake linanirudisha. Nilipochoka, yeye akapunguza mwendo. Nikageuka nimwambie neno la utani, nikakuta kati yetu kuna nafasi tu, na ndani ya nafasi ile harufu ya ugoro. Nyuma sauti inasema, "Taratiiibu."

Nikaamshwa na ng'ombe anayelia. Ni mwekundu. Amesimama, masikio mbele, anatazama ng'ambo ya ua. Mnunuzi alikuwa amefika.

Nikachungulia kwenye minyaa. Kijana mnene mwenye buti za mvua na kofia, mdomo haupumziki, kila mama kwake ni mathe. "Wacha nimuone akitembea, mathe. Ng'ombe ni miguu." Mke mwenzangu amesimama pembeni, mikono imekunjwa, uso umekaza kama mtu anayeng'olewa jino na hataki kuonekana.

Mnunuzi akamshika wa madoa kamba, akamtembeza njiani. Njia yetu ni pana, mnaijua, hata gari linapita. Wa madoa akatembea pembeni kabisa, upande wa kulia, kwato ziko kwenye majani, njia nzima kaiacha tupu. Mnunuzi akamvuta katikati. Akarudi pembeni. Akamvuta tena, akarudi tena. Alikuwa anatembea na mtu ambaye hayupo, anampisha, anamngoja hatua.

"Ako na wasiwasi," mnunuzi akasema. "Wacha nimfunge gogo, tuone vile anavuta."

Wakamfunga gogo kwa mnyororo. Wa madoa akashusha shingo vizuri, kama alivyofundishwa. Halafu akangoja. Akageuza kichwa kushoto. Hakuna aliyeanza. Mnunuzi akampiga kofi la mgongo, akapiga mluzi, akasema maneno ya kwao. Wa madoa akatembea, lakini si mbele. Akaja na gogo lake moja kwa moja mpaka kwenye ua, akasimama sambamba na mwekundu wangu. Huyu huku, yule kule. Kushoto, kulia. Na ua katikati, upana ni uleule wa nira. Wakaanza kucheua, kwa pamoja.

Mke mwenzangu akafuata mpaka pale. Ndipo akaniona, nimechuchumaa nyuma ya minyaa na majani kichwani. Nami nikaanza kujitoa majani yale, moja moja. Nilitaka kumwambia kichwa kisibaki bila shingo, wala shingo isibaki bila kichwa, sijui nilitaka kusema nini.

Mnunuzi akaja akiburuta kamba. Akamtazama wa madoa. Akamtazama mwekundu ng'ambo ya ua. Akanitazama mimi, akamtazama mke mwenzangu, akavua kofia akajikuna.

"Mathe," akamwambia, "hii mimi siwezi. Mimi sinunuangi nusu."