Rimu za Harusi, Matairi ya Theluji

Kanisani wananiita mama aliyeharibu harusi. Hawaniiti hivyo mbele yangu. Mbele yangu ni Mama shikamoo, Mama kaa hapa. Lakini masikio yangu bado mazima, na ninayoyasikia nimeyachoka. Basi nitaeleza mwenyewe, kwa herufi zangu hizi za darasa la nne, halafu kila mtu aseme anavyotaka.

Mwanangu ana gari kubwa, lile la kupanda kwa kujivuta kama unapanda kitanda cha hospitali. Alilinunua, alisema, kwa sababu ya theluji ya huku kwa Waswidi, kwa kuwa magurudumu yote manne yanavuta pamoja. Baridi ya kwanza aliliendesha na matairi aliyolikuta nayo, hata hakuyainamia kuyatazama. Asubuhi moja alikuwa ananirudisha kutoka kliniki, hapa hapa Akalla tunakokaa. Theluji ilikuwa imekanyagwa hadi ikawa kama kipande cha sabuni. Kwenye kivuko cha watu palikuwa na mama anavuka na kigari cha mtoto. Mwanangu akakanyaga breki. Breki ikatetemeka, gari likaendelea kwenda. Nilimwona yule mama anageuza uso, nikaona macho yake yalivyo, halafu akakivuta kigari nyuma kwa nguvu, nasi tukampita tukaenda kujichomeka kwenye lundo la theluji.

Hakuumia mtu. Mwanangu alishuka kumwomba radhi, yule mama alikuwa ameinama anampapasa mtoto wake. Mwanangu akarudi akakaa, mikono kwenye usukani, kama mtu anayengoja kusomewa hukumu. Tulikaa hivyo mpaka vioo vikaingia ukungu.

Ndiyo maana baridi iliyofuata alitafuta matairi kama mtu anayetafuta mke. Kila jioni simu mkononi. Kila aliyekuja kunywa chai alisomewa habari za mpira wa matairi. Siku ya kununua alinichukua dukani, mimi na magoti yangu, akanisimamisha mbele ya ukuta mzima wa matairi.

"Angalia hapa, Mama. Tairi la kweli la baridi lina alama hii pembeni, mlima na ndani yake chembe ya theluji. Lisilo nayo ni maneno tu."

"Na hilo ulilonalo?"

"Lile ni la kiangazi. Baridi ikishuka mpira wake unakuwa mgumu kama ndoo."

"Lakini gari lako si linavuta kwa magurudumu manne?"

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeonja. "Manne yanakusaidia kuondoka, Mama. Kwenye kusimama, kila gari lina magurudumu manne. Na hili ni zito kuliko mengine. Uzito hausaidii, uzito unakusukuma."

Maneno hayo nimeyaandika kama alivyoyasema, maana nitayahitaji.

Palikuwa na aina mbili. Moja ina misumari midogo ya chuma, unaisikia ikikwaruza lami. Nyingine haina misumari, mpira wake ni laini, haina kelele, na huruhusiwa hata kwenye ile mitaa michache ya katikati ya mji inayokataza misumari. Alisimama pale anazigeuza kichwani, misumari, bila misumari, misumari, bila misumari, mpaka muuzaji akaenda kuhudumia wengine akarudi. Nikamwuliza, "Hiyo mitaa ya marufuku, una shughuli nayo?"

"Sina."

"Unatoka nyumbani kwenda kazini wakati gani?"

"Kabla gari la kusukuma theluji halijapita."

"Basi tunangoja nini, nifie hapa?"

Akachukua ya misumari. Yalikuja yamevalishwa kwenye rimu za chuma, nyeusi, hazina urembo wowote, kama sufuria za msibani. Yale ya kiangazi yalibaki kwenye rimu zake kubwa zinazong'aa, akayapanga chini ya ghorofa kwenye kile chumba cha stoo. Baridi ile yote tulikwenda na kurudi, na mimi nikaanza tena kulala garini.

Mwezi wa pili ikawa harusi ya binti yake, mjukuu wangu wa kwanza. Kama ilivyo kwetu, iliundwa komite, na komite ikapata prezida, yaani mwenyekiti, mwanaume wa kanisani kwetu, mtu wa suti na simu mbili. Huyo ndiye aliyegawa kazi: nani anapika, nani anapamba, nani anapiga picha. Na ndiye aliyeamua gari la mwanangu limbebe bi harusi kutoka hapa Akalla hadi Tumba, ambako Waswidi wenye kanisa walikuwa wametupa nafasi kuanzia saa nane. Saa kumi kamili tuwe tumetoka, wao wana tamasha lao la muziki.

Wiki ile mvua ilinyesha, theluji yote ikaondoka, hadi Ijumaa lami ikawa imekauka. Jumamosi tukaamka, theluji inashuka kama mtu anayemwaga unga. Mkwe wangu, mama wa bi harusi, alikuwa ameshatangulia Tumba na masufuria. Mimi nikateremka na mifuko. Mwanangu alikuwa kwenye maegesho, anafunga utepe mbele ya gari, na prezida yuko naye, kavaa glavu nyeupe za komite.

"Mama, shika ufunguo," mwanangu akaniambia. "Ingia ndani kuna joto, mimi namfuata bi harusi juu."

Nikaushika. Nikazunguka nyuma niweke mifuko, na hapo ndipo nilipoona. Rimu zinang'aa. Zimefutwa kwa kitambaa, kila moja kama sinia la kupokelea maharusi.

Nikamwita kabla hajafika mlangoni. "Haya ni matairi gani?"

Akatazama chini. "Jana barabara ilikuwa kavu, Mama."

"Sikukuuliza ya jana."

Prezida akaingilia, kwa sauti ile ya kutoa matangazo. "Mama, ni mimi niliyemwomba. Zile nyeusi ni aibu kwenye video. Watu watatazama mpaka Bujumbura, mpaka Uvira. Waseme tumemleta bi harusi kwa gari la kubebea mkaa?"

"Wewe sijakuuliza. Namwuliza huyu aliyenifundisha."

"Mama, nitaendesha polepole," mwanangu akasema. "Na gari lenyewe linavuta kwa..."

"Malizia."

Akaanza kupangusa theluji juu ya boneti.

Hasira niliyokuwa nayo, sijapata kuwa nayo kwa mtoto yeyote niliyemzaa. Asiyejua namwonea huruma. Huyu alikuwa anajua. Aliyaona macho ya yule mama wa kigari, alikaa mikono kwenye usukani, alisoma, alichagua, akanieleza hadi mimi nikaelewa, kisha akayavua yote kwa sababu mtu wa simu mbili alimwambia si mazuri kwenye video. Ufunguo nikautia kifuani, ndani ya sidiria, nikafunga koti mpaka shingoni. Pale hakuna mwanaume wa kabila lolote atakayeweka mkono.

"Mama, tafadhali."

"Tutaenda na treni," nikasema. "Kituo kile pale. Tunabadilisha mara moja, tunashuka Tumba."

Prezida akashika kichwa. "Bi harusi kwenye treni? Na gauni? Mama, kwa heshima zote, watu watasema nini?"

"Watasema amefika."

Mjukuu wangu akateremka wakati huo, mweupe kama hiyo theluji, gauni lina waya ndani linajaza mlango. Ananiita farmor, Waswidi ndivyo wanavyomwita mama wa baba. Alipoelezwa aliniangalia mimi, hakumwangalia baba yake.

"Farmor, snälla," akasema, maana yake bibi, nakuomba. Halafu akaendelea kwa Kiswahili, na yeye Kiswahili anakitoa akitaka kitu kweli. "Tumefanya mazoezi ya kuingia kanisani kwa kucheza miezi mitatu. Tukichelewa wataikata ngoma yetu. Usinifanyie hivi leo."

"Panda treni na mimi, hutachelewa."

"Siwezi kupanda treni hivi. Watanipiga picha."

"Si ndiyo mnayoitaka, picha?"

Yalikuwa maneno makali kumwambia mtoto siku ya harusi yake. Nilimwona midomo inacheza. Sikuyarudisha. Teksi walijaribu, simu ikasema wangoje, na kungoja kwenyewe kukawa kunarefuka. Gari la prezida lilikuwa na viti viwili, na nyuma spika na kreti za soda mpaka darini. Theluji haikutungoja, kwenye bega la prezida ilikuwa imeshajenga.

Mwanangu akanitazama. Sijui aliona nini. Akavua koti la suti, akampa binti yake ajifunike, akashuka stoo. Nikamsikia analiviringisha tairi la kwanza kwenye korido, lile zito, misumari inakwaruza sakafu.

Alipiga magoti kwenye theluji na suruali yake ya harusi. Jeki, spana, nati moja moja, vidole vyekundu. Prezida alikaa na mwavuli hadi tairi la pili, kisha aibu ikamshinda akaanza kuyaleta mengine, na zile glavu nyeupe zikawa nyeusi hadi kwenye kifundo cha mkono. Jirani yangu wa ghorofa ya kwanza, mama mmoja wa Kiswidi mwenye mbwa, alisimama mlangoni akapiga picha na simu yake, akanyanyua kidole gumba. Mjukuu wangu alikuwa ndani ya mlango, analia na kujipepea macho wanja usishuke. Nati ya mwisho ilipokazwa nikautoa ufunguo. Ulikuwa wa moto.

Mwanangu aliendesha, mimi na bi harusi nyuma. Tulipoiacha barabara kuu kuingia Tumba kuna mteremko, na chini yake palikuwa na taa nyekundu na basi limesimama. Mwanangu akakanyaga breki. Nikaisikia misumari inauma, grrr, gari likainamisha pua likasimama, kati yetu na basi pakabaki nafasi ya kulaza mtu. Mwanangu akaniangalia kwenye kioo. Mimi nikaangalia dirishani. Mjukuu wangu alikuwa anajipaka poda, hata hakujua tumesimama.

Tulifika saa tisa imeshapita. Mchungaji akafupisha. Ngoma ya kuingia ikakatwa. Mjukuu wangu, aliyejifunza hatua zile na wenzake miezi yote hiyo, akaingia kwa kutembea tu, kama mtu anayekwenda benki. Kwaya ya akina mama haikuimba. Saa kumi Waswidi walikuwa mlangoni na fidla zao.

Na tangu siku hiyo nasikia wimbo mmoja: hakukutokea kitu. Bibi alitutisha bure, tumefika salama, hakukutokea kitu. Wanasema hivyo wakiwa wamesahau tulifika na matairi gani. Nifanye nini na watu kama hao? Walitaka nini kitokee ndipo waseme nilikuwa na haki?

Mjukuu wangu bado ananinunia. Akipiga simu anaongea Kiswidi kitupu, anajua simfuati. Ngoma yake naisikitikia, nilikuwa naitaka kuiona kuliko wote. Radhi sitamwomba.

Albamu waliniletea. Picha nzuri, karatasi nene. Nikafungua kurasa za gari: utepe upo, maua yapo, bi harusi anashuka, prezida anafungua mlango. Nikageuza, nikageuza. Kila picha imekatwa chini ya milango. Kwenye albamu nzima gari lile halina magurudumu.

Nikashuka ghorofa ya kwanza kwa mama wa mbwa. Picha aliyoipiga siku ile niliitoa kubwa, nikaiweka kwenye fremu. Mwanangu kwa magoti, shati limelowa, tairi jeusi limemkaa kifuani kama mtoto, na nyuma yake prezida na glavu zake. Mwanangu akija anaitazama tu, lakini zile rimu zinazong'aa sasa hazitoki stoo mpaka theluji iishe kabisa, hata aombwe na nani.

Nimeitundika sebuleni, juu ya televisheni. Prezida naye huja, ana komite nyingine sasa, anapita kuchangisha. Namkaribisha, namwekea chai na mandazi, na kiti ninachompa ni kile kinachotazamana nayo.