Mfuga Maji

Kazi yake ilikuwa kusoma mita za maji: kupita nyumba kwa nyumba, kuinama, kufuta tope kwenye kioo cha mita kwa kidole gumba, kuandika tarakimu, kwenda zake. Kazini waliita watu wa kazi hiyo wasoma mita. Nyumbani kwake alipewa jina lake peke yake.

Jina lilizaliwa siku shemeji yake alipoingia sebuleni akakuta tangi la kioo mezani, lina changarawe, majani mawili matatu na pampu ya hewa inayobubujika.

"Shemeji, samaki wako wamejificha wapi?"

"Bado hawajaja."

"Tangu lini?"

"Wiki ya nne sasa."

"Kumbe unafuga maji!"

Walicheka mpaka mtoto akapaliwa na chai. Tangu hapo akawa Mfuga Maji.

Alikuwa na sababu zake. Mara mbili alishawahi kujaza tangi asubuhi na kutia samaki mchana, na mara mbili walikufa wote kabla wiki haijaisha. Mara ya kwanza binti yake alilia. Mara ya pili hakulia, aligeuza tu kiti chake asilione tangi, na hilo ndilo lililomkata baba yake maini. Mkewe alisema neno moja: "Wakifa tena, hilo nalitilia vitunguu."

Mama muuza samaki, aliyejaza barazani kwake matangi ya kila ukubwa, ndiye aliyemfungua macho. "Maji yako mabichi, baba. Yaache yaive." Kinyesi cha samaki, alieleza, hugeuka sumu majini. Wapo viumbe wadogo wasioonekana wanaokaa kwenye sponji ya chujio na kuila sumu hiyo, ila huchukua wiki nyingi kuzaliana. Kwa hiyo Mfuga Maji akawa anatia chembe ya chakula kila asubuhi, chakula cha samaki wasiokuwepo, na kuandika daftarini. *Siku ya 12: ukungu. Siku ya 31: sponji imekuwa ya kahawia. Vizuri.*

Siku ya arobaini, Jumamosi, alirudi na samaki sita ndani ya mfuko wa plastiki, mikia yao mipana kama pepeo. Mlangoni akapokewa na mama mkwe, aliyekuja juzi yake kuuguza goti na ambaye kukaa bure kulimuuma kuliko goti lenyewe.

"Mkwe wangu, leo nimekusaidia. Lile dude la ndani lilikuwa limeota uchafu, jamani! Nimelisugua kwa sabuni, na mawe yake, na kioo. Maji nimetia mapya kabisa."

Sponji ilikuwa nyeupe kama pamba.

Mfuga Maji alisimama na mfuko wake. Maneno yalimjaa mdomoni, lakini mkwe hafokewi, akayameza moja moja. Mkewe ndiye aliyeropoka:

"Mama! Huo uchafu ndio aliokuwa anaufuga siku arobaini!"

Mama mkwe akakaa. Akautazama mfuko, akamtazama mjukuu wake aliyekuwa ameshaanza kukigeuza kiti. "Basi Jumatatu nitarudi kwangu," alisema taratibu. "Mikono yangu hii."

Mfuga Maji aliwaza kidogo. "Mama, goti linaruhusu hatua mia mbili?"

"Za kwenda wapi?"

"Kuomba uchafu."

Barazani kwa muuza samaki, mama mkwe ndiye aliyetangulia kusema. "Mwenzangu, nimeosha kisichooshwa. Nimekuja kuomba uchafu." Yule mama akacheka hadi akashika ukuta, kisha akachukua mkasi akakata nusu ya sponji yake kuukuu, nyeusi, inateleza. Akaitia kwenye kopo la maji ya tangi. "Isikauke tu. Wakikauka, wamekufa." Samaki akabaki nao siku mbili.

Njia nzima mama mkwe alibeba kopo kwa mikono miwili. "Nipisheni," aliwaambia watu, "nipisheni jamani."

Sponji yenye sabuni ilitupwa. Kioo na changarawe vilisuuzwa mara tisa, mama mkwe akihesabu kwa sauti, kisha Jumapili yakamiminwa maji ya ndoo yaliyolala wazi tangu jana yake, harufu ya dawa ya bomba imetoka, na kwenye chujio ikawekwa sponji mpya ubavuni mwa kile kipande cheusi. Jumatatu samaki waliingia. Mama mkwe hakuondoka, alisema goti.

Daftari lilianza ukurasa mpya. *Siku ya 1: sita. Siku ya 4: sita, mmoja mvivu. Siku ya 5: anakula. Siku ya 9: sita.* Siku hiyo kiti cha binti kilikuwa kimetazama tangi.

Mkewe akapita na kitambaa, akaona sponji mpya imeanza rangi ya kahawia, akanyoosha mkono.

"Wee!" mama yake akamaka kutoka kwenye kochi. "Toa mkono! Hapo pana watu wanakaa."