Kitanda Kielekee Kibla

Juzi nilimsindikiza jirani yangu, bibi mmoja wa hapa Tandale, kumwona mumewe katika chumba cha wagonjwa mahututi. Daktari, kijana wa bara, alimwamkia shikamoo, kisha akatia mikono mfukoni. "Bibi, hakuna tena la kufanya."

Bibi akatikisa kichwa kukubali. "Kibla ni upande gani, mwanangu?"

Daktari hakujua. Nikawaonyesha, kule dirishani.

"Basi mgeuzieni kitanda, aelekee huko."

"Mashine ina waya mfupi, bibi."

"Sogezeni na mashine."

Daktari akavua koti. Tukasukuma sote polepole, mipira ya kupumulia isichomoke. Bibi akainama, akamsomea mumewe shahada sikioni.

Yule daktari asiye na la kufanya alitoka mle akitiririka jasho.