Mchanganya Unga wa Susuni

Yule anayeendesha mashine ya kuchanganya unga wa lishe pale Susuni anaogopa vumbi kuliko chui. Hufagia mpaka kivuli chake. "Vumbi la unga likiona cheche, paa hili mtaliokota mbali kule Ringwani!" huwafokea wateja, huku akinusa mifuko yao kutafuta viberiti. Siku moja vumbi limetanda kama ukungu, mama mkwe wake akaingia, kiko mdomoni kinafuka moshi. Sasa afanyeje? Kwetu mkwe hamgusi mama mkwe, wala hamtazami usoni. Akageukia ukuta. "Shikamoo, mama." Kabla hajaitikiwa, akarusha ndoo nzima ya maji nyuma, juu ya bega. Kiko kikazima. Mama mkwe, amelowa chapachapa, akawageukia watu: "Marahaba. Mnaona adabu hiyo? Amenimwagia maji, lakini hajanitazama!"