Tanuri Lililomwacha Ragnhild

Ragnhild Östling alipopandishwa cheo kuwa kiongozi wa zamu katika kiwanda chetu cha mikate mikavu, kaskazini kidogo mwa mji wa Falun, Uswidi, tulimpa keki na pole. Alikuwa amelilea tanuri la kiwanda tangu kichwani hana mvi hata moja. Sasa alipelekwa kozini, akafundishwa kwamba kiongozi mzuri hatengenezi kitu, anauliza maswali.

Akarudi anauliza. Lakini mikono yake haikuwa imehudhuria kozi. Akipita karibu na tanuri aliitia mfukoni na kupunguza mwendo, kama mtu anayepita nyumbani kwa mchumba wa zamani. Tanuri lilikuwa sasa la Ville, Mfini asiye na maneno mengi. Cheo chenyewe kilikuwa cha majaribio: Ijumaa meneja angemuuliza kama anabaki au anarudi kwenye tanuri lake, na Ville arudi kufunga maboksi. Jibu alikuwa nalo, na sote tulilijua: angerudi.

Jumanne mikate ikaanza kutoka na kingo zilizopasuka. Kwa Ragnhild hilo lilikuwa tatizo la tundu la hewa la tanuri tu: lifunguliwe kidogo, basi. Lakini alikumbuka kozi, akaitisha kikao cha kahawa. Kwetu hakuna anayegusa skrubu kabla wote hawajakubaliana, na hakuna anayekubali kabla ya kikombe cha pili. Muda wote huo tanuri liliendelea kutoa mikate ya kulishia nguruwe tu. Kulizima nako kungehitaji kikao.

Mwishowe Ville akauliza, "Wewe unaonaje, bosi?"

"Mimi nauliza tu."

"Uso wako umeshajibu tangu kikombe cha kwanza. Hebu sema."

Akasema: tundu la hewa. Ville akajikuna shingo. Akaeleza polepole kwamba tundu alilifungua tangu alfajiri, hali ikazidi kuwa mbaya. Unga wa msimu huu ulikuwa mwingine. Kinyunya, ule unga uliokandwa, kilikauka kabla hakijafika motoni. Yeye angekifunika kwa kitambaa chenye maji, ila alikuwa anangoja kuulizwa.

Wakafunika. Mikate ikatoka mizima.

Tulidhani Ragnhild atafurahi. Alisimama akilitazama tanuri kama mtu aliyerudi kwao akakuta njia zimehamishwa na hakuna aliyemwandikia.

Ijumaa akamwambia meneja kwamba anabaki kwenye cheo. Kisha akamfuata Ville, akamwomba amfundishe kila Jumatano asubuhi.

"Nikufundishe tanuri? Wewe?"

"Hili la sasa. Lile langu nalijua."

Ville akaitazama mikono ya Ragnhild. "Sawa. Ila usiguse kitu."

Jumatano Ragnhild alifika kabla yetu sote, akasimama pale joto linapoanzia. Ville alimweleza habari za unga kwa kirefu, zaidi ya alivyowahi kusema na yeyote kati yetu. Ragnhild aliitikia kila mara, macho ameyafumba, uso ameuelekeza kwenye lile joto. Sina hakika kama alisikia hata nusu.